Nilimlipa wakala wa vibali vya hospitali: nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya huruma

Dola 1,150 nililipa mimi mwenyewe kwa kampuni ya wakala, ile inayowajazia madaktari maombi ya kufanya kazi hospitalini, na dola 350 nyingine za ada ya maombi zikaenda hospitali. Niliahidiwa siku 90. Nimekaa miezi mitano na siku kumi na moja kabla ya kumgusa mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji. Jina la kampuni silitaji, maana baadhi ya wafanyakazi wake walinitendea wema, na la hospitali nalo silitaji, maana ndiko ninakokula. Ila nimeona wadogo zetu walio rezidensi (mafunzo ya hospitalini baada ya chuo cha udaktari) huku Marekani wanauliza kama inafaa kulipa wakala, na majibu wanayopewa ni ya mkato mno.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa miguu, mwenye shahada ile ya DPM, yaani udaktari wa podiatri, tiba ya miguu. Nilimaliza rezidensi ya miaka mitatu mwezi Juni, ile yenye nyongeza ya upasuaji wa kisigino na kifundo. Mkataba wa kliniki nilikuwa nao tangu Februari, na kazi ilitakiwa ianze tarehe 1 Septemba. Tarehe 1 Septemba nilianza kweli. Nikawa nakata kucha, nachoma sindano za kisigino, naandika viatu vya wenye kisukari. Akija mtu kavunjika kifundo namwandikia rufaa kwa mwingine, huku mikono inaniwasha.

Mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili. "Umeshapata kazi, mwanangu?" Kazi nimepata Mama, iliyobaki ni ruhusa ya kuifanya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa huyo aliyekuajiri hajui kuwa wewe ni daktari?"

Swali zuri kuliko anavyodhani. Kliniki inajua. Jimbo linajua, limenipa leseni. ABFAS, bodi ya upasuaji wa wayo na kifundo, inajua pia, maana nimefaulu mitihani yake ya mwanzo na nina miaka 7 ya kukusanya kesi na kuthibitishwa kikamilifu. Lakini hospitali haiamini mtu yeyote kati ya hao mpaka iwaulize yenyewe, mmoja mmoja. Cheti chako unachokibeba kwenye bahasha ya plastiki tangu siku ya mahafali hakina thamani kwao. Wanaandika barua chuoni, wanaandika kwa mkuu wa rezidensi, wanaandika jimboni, wanachungulia NPDB, ile hazina ya taifa ya kumbukumbu za madaktari iliyofunguliwa 1990, kuona kama umewahi kulipiwa fidia ya kesi au kufukuzwa mahali. Huo ndio uhakiki. Ukiisha salama unakuwa mwanachama wa jopo la madaktari: unapewa beji, unapewa sehemu ya kuegesha gari, na bado huruhusiwi kugusa hata kidole. Kugusa kidole ni karatasi nyingine, ya kibali, inayosema upasuaji gani hasa utaufanya ndani ya jengo lile.

Wakala anauza vyote viwili kwa bei moja. Cha kwanza anakiweza nusu. Cha pili, kwa nilivyoona, hakiwezi kabisa.

Nianze na mazuri yake. Walinidai hati ya bima ya makosa ya kitabibu mapema, wakanidai kipimo cha kifua kikuu na kumbukumbu za chanjo, wakanikumbusha kuhamisha anwani ya usajili wangu wa DEA, maana usajili huo wa dawa zinazodhibitiwa unafuata jimbo na mahali pa kazi. Walikuwa wakali kwa wadhamini wangu watatu kuliko ambavyo mimi ningethubutu. Mmoja ni bingwa mzee aliyenifundisha kushona kano ya kisigino, mtu ambaye ningeona haya kumpigia mara mbili. Wao walimpigia mara sita na barua ikatoka. Na ule mfumo wa CAQH ambao kampuni za bima zinachotea taarifa zako, unaotaka uthibitishe upya kila siku 120 la sivyo faili linalala, wao ndio walioubeba. Kwa kazi hiyo nyota moja wanastahili bila ubishi.

Sasa jina.

Cheti changu cha chuo kina majina matatu: langu, la baba, la babu. Pasipoti ina yote matatu, na babu kakaa kwenye kisanduku cha jina la ukoo. Leseni ya jimbo ina mawili, langu na la baba, kwa sababu fomu ya mtandaoni ilimeza la tatu na mimi nikaona si neno. Yeyote aliyetoka kwetu anajua habari hii. Wakala akajaza fomu ya hospitali kwa jina la leseni, na pale palipoulizwa majina mengine uliyowahi kutumia akaacha wazi. Hospitali ikakiandikia chuo kwa jina la baba. Chuo kikajibu kwamba hakijawahi kuwa na mhitimu huyo.

Fikiria jibu hilo likitua kwenye meza ya ofisi ambayo kazi yake nzima ni kunasa madaktari bandia.

Wakala alilipata jibu hilo siku ile ile. Mimi nililisikia siku kumi na tisa baadaye, tena kwa sababu nilipiga simu mwenyewe kuuliza faili limefika wapi. Dada aliyepokea alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kioo cha kompyuta, kwamba faili "linasubiri upande wa daktari." Upande wa daktari ndio mimi, na hakuna aliyenipigia. Kurekebisha kulichukua mstari mmoja kwenye fomu na nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyogongwa muhuri. Dakika ishirini. Ukiwa na majina ya kwetu, kurasa tatu za mwanzo za fomu jaza wewe mwenyewe, kila jina kwa kila mpangilio uliowahi kutokea kwenye karatasi yoyote, hata yale yaliyokosewa na karani wa shule ya msingi.

Likaja pengo. Fomu inataka kila kipindi kinachozidi siku 30 ambacho hukuwa shuleni wala kazini kielezwe. Mimi nilikuwa na wiki saba kabla ya kuanza chuo cha podiatri. Wakala akaandika "mapumziko binafsi." Faili likarudishwa: mapumziko gani? Unaelewa wanachohofia, wiki saba zinaweza kuwa kifungo, zinaweza kuwa ulevi, zinaweza kuwa kazi uliyofukuzwa ukaificha. Niliandika sentensi moja kwamba nilikwenda kumzika bibi yangu nikakaa hadi arobaini yake ipite. Mratibu wa ofisi ya madaktari pale hospitali akanijibu kwa maneno machache: anapokea maelezo, na pole.

Huyo mratibu ndiye sababu ya mimi kuandika tathmini mbili ndani ya moja. Mwenye nyota tano ni yeye.

Alinipigia simu alasiri moja nikiwa kliniki. Mbele yake alikuwa na karatasi ya maombi ya kibali, kurasa kumi na moja. Karatasi hiyo ina tabaka. Tabaka la kwanza ni mambo ya msingi: kucha, vidole, kidole gumba kilichopinda, uvimbe wa nyama laini, vidonda vya kisukari, kukata kidole kilichooza. La pili ni kisigino na kifundo: mivunjiko, kugandisha viungo, kujenga upya wayo uliolala bapa. La tatu ni yale mazito: fremu za nje za chuma na kubadilisha kifundo kizima kwa kiungo bandia. Kila tabaka lina masharti yake pembeni, ushahidi wa mafunzo na idadi ya kesi.

"Daktari," akasema, "umeomba kila kitu kwenye ukurasa huu. Hata kifundo bandia. Ni kweli?"

Si kweli. Kifundo bandia nimeshiriki vinne tu, na vyote nilikuwa nimeshika vifaa. Kijana wa wakala alikuwa ametia tiki kila kisanduku kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayejaza fomu ya kujiunga na maktaba. Nilipomuuliza baadaye alisema ni desturi yao: omba vyote, watapunguza wenyewe.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtu anapoweza kuumia bila kujua kapigwa na nini. Ukikataliwa kwa sababu tu hukufikisha kigezo cha kuingilia, hilo haliripotiwi NPDB. Ukikataliwa baada ya wenzako kupima uwezo wako wakaona haufai, linaripotiwa, na haya yote yanatokana na sheria ya shirikisho ya 1986. Lakini hata pale lisiporipotiwa, kila fomu ya hospitali utakayojaza maisha yako yote itakuuliza: umewahi kunyimwa kibali, kikapunguzwa, au ukakiachia mwenyewe? Na itabidi ueleze, miaka ishirini baadaye, kwa watu wasiokujua. Yote kwa tiki moja ya kijana aliyelipwa kwa kasi ya kujaza. Faili lilikuwa bado halijaingia kwenye kamati, kwa hiyo mratibu alinirudishia karatasi nikasahihisha na kutia saini upya. Hakuwajibika kunipigia. Angeliliacha liende.

Na kuna la kijiografia ambalo wakala hakulijua kabisa. Kiswahili chetu kinaita mguu kuanzia nyonga hadi kucha na hakuna anayegombana. Sheria za majimbo huku zimechora mistari. Florida inaturuhusu kupasua hadi chini ya kile kinundu cha muundi kilicho mbele, chini ya goti. New York, mpaka leo, kifundo kinahitaji kibali cha ziada kutoka jimboni juu ya leseni yako, utaratibu ulioanza 2014. Jimbo langu linaruhusu kifundo. Fomu aliyoanza nayo kijana wetu ilikuwa ya mteja wa jimbo jingine. Nilikuta jina la jimbo hilo limebaki chini ya ukurasa wa nane.

Basi karatasi ikawa safi, ikaenda kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara ni mtu wa mifupa, yaani daktari wa upasuaji wa mifupa. Ikarudi na mstari umepigwa chini ya mivunjiko ya kifundo: mwombaji awe na uthibitisho wa bodi ya mifupa. Sina, na sitakuwa nao, kwa sababu bodi hiyo haitahini watu wa shahada yangu. Ni sawa na kumwambia mvuvi alete leseni ya udereva ndipo apande ngalawa.

Nikampigia wakala. Ushauri wao, kwa maandishi, ninao: "Hiyo ni sera ya hospitali. Tunapendekeza uombe tabaka la kwanza pekee kwa sasa." Yaani baada ya miaka mitatu ya kuamka saa kumi alfajiri, nikaombe vidole.

Nilikaa na mambo haya usiku mmoja. Kanuni za shirikisho kwa hospitali zinazopokea Medicare, ile bima ya serikali hasa ya wazee, kifungu cha 482.12, zinasema wazi kwamba uanachama au kibali kisitegemee tu uthibitisho wa bodi au uanachama wa chama fulani. Hospitali inaweza kudai mafunzo. Inaweza kudai idadi ya kesi. Inaweza kudai barua, na hata kudai bodi kama kigezo kimoja kati ya vingi. Haiwezi kuning'iniza kila kitu kwenye cheti kimoja. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu. Sikutisha mtu na sheria. Nilitaja kifungu mara moja, kwenye aya ya pili, kisha nikahamia kwenye daftari langu la kesi.

Daftari hilo ndilo liliongea. Rezidensi zetu zinatulazimisha kuandika kila kesi na kiwango ulichoshiriki, na wengi tunaliandika Jumapili usiku huku tunasinzia. Nashukuru sikusinzia sana. Nilichambua mivunjiko ya kifundo 61 ambayo nilifanya mwenyewe sehemu kubwa ya kazi, nikaigawa: ya upande mmoja, ya pande mbili, ya pande tatu, ile iliyochanika na ukano unaoshika mifupa miwili pamoja. Nikaambatisha barua ya mkuu wangu wa rezidensi iliyotaja namba hizo hizo, si ile barua ya "ni kijana mwema na mchapakazi." Mratibu akanidokeza kwamba kamati hukutana Jumanne ya tatu ya mwezi na karatasi zifike siku kumi kabla. Zangu zilifika siku nane kabla. Mwezi ukaenda hivyo hivyo, bure, kwa siku mbili.

Mwezi uliofuata kamati ya uhakiki ikapitisha, ikaenda kamati kuu ya madaktari, ikaenda bodi ya hospitali, ambayo ndiyo yenye neno la mwisho kisheria. Nilipata tabaka la kwanza lote na la pili lote. Neno "mifupa" kwenye sharti la kifundo limebadilishwa likawa bodi yoyote inayohusika au mafunzo yanayolingana. Wakala alinitumia barua pepe ya pongezi yenye picha ya fataki.

Kibali kikitoka bado unaangaliwa. Joint Commission, shirika linalokagua ubora wa hospitali, inataka kila kibali kipya kiwe na kipindi cha uangalizi, na hospitali inapanga yenyewe namna. Kwangu ilikuwa kesi tano chini ya jicho la mwenzangu. Ya pili ilikuwa mwanamke aliyeteleza kwenye ngazi, fibula, ule mfupa mwembamba kando ya muundi, imekatika na ukano umeachia. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa mifupa, si yule mkuu, mwingine. Alisimama nyuma yangu kavaa aproni ya risasi, mikono kaikunja, hakusema lolote nilipochana, wala nilipolaza bamba. Nilipofika kwenye skrubu inayovuka kwenda kwenye muundi nikapiga eksirei, nikaridhika, nikanyoosha mkono kuomba uzi.

"Piga nyingine," akasema. "Zungusha mguu kidogo ndani."

Nikazungusha. Nafasi ya upande wa ndani ilikuwa bado imefunguka, si sana, unene wa ukucha. Nikalegeza, nikakaza upya koleo, nikapiga tena, ikafunga. Hakusema vizuri wala vibaya. Kwenye fomu yake aliandika kwamba nilisahihisha mwenyewe, jambo ambalo ni kweli nusu, na nimemshukuru kwa nusu ile nyingine.

Mawili ya haraka. Ulizia mapema kama sheria ndogo za hospitali zinakuruhusu kumpima mgonjwa wako mwili mzima kabla ya upasuaji au lazima daktari wa MD au DO, wale wenye shahada ya tiba ya mwili mzima, afanye. Kwangu lazima, na sikujua mpaka kesi ya kwanza ilipocheleweshwa saa mbili tukimtafuta mtu. Na kibali cha hospitali si mkataba na bima. Nilikuwa na kisu mkononi na kampuni mbili za bima bado hazijaniingiza kwenye orodha, kliniki ikawa inapanga wagonjwa kwa kadi walizonazo mfukoni.

Nikirudishwa nyuma, ningeomba pia kituo cha upasuaji cha wagonjwa wa kutwa sambamba na hospitali. Mwenzangu wa rezidensi alifanya hivyo, akapata ruhusa ya vidole na kidole gumba wiki ya saba, akaanza kujaza daftari lake la bodi huku mimi nakata kucha.

Je, wakala ananunulika? Kama leseni zako ni majimbo mawili au matatu, historia yako haina pengo, jina lako lina maneno mawili tangu kliniki ya uzazi, na unaomba mambo ya msingi tu, dola hizo zitakuokolea jioni nyingi. Karatasi ya kibali usimpe. Hata kama mkataba wake unasema anaijaza, ichukue.

Wiki iliyopita wameniandikia kuuliza kama nitaendelea nao, maana hospitali yangu inapitia upya kila baada ya miaka miwili na wao wanatoa punguzo kwa wateja wa zamani. Nikajibu kwa ustaarabu kwamba hapana, nikatia saini majina yangu yote matatu. Jibu lao lilikuja ndani ya saa moja, la heshima kabisa, na kwenye salamu wamemwandikia Daktari wa jina ambalo si langu, si la baba wala la babu.